Mzazi na Jalada la Mtoto Wake Shuleni

Mazungumzo baada ya habari

Kila mwaka, shule za Marekani zinapofunguliwa baada ya likizo ndefu ya kiangazi, watoto hurudi nyumbani siku za kwanza wakiwa na bahasha nene zilizojaa karatasi. Imo karatasi ya chanjo, imo ya basi la shule, imo ya chakula cha mchana, na imo ya kuandika jina la mtu wa kupigiwa simu mtoto akiugua. Katikati ya karatasi hizo, au ndani ya kijitabu cha kanuni za shule, hupatikana tangazo moja ambalo wazazi wengi hulipitishia macho tu na kuliweka kando. Tangazo hilo humwarifu mzazi kwamba anayo haki ya kuona kumbukumbu ambazo shule inaziweka juu ya mtoto wake, kwamba anaweza kudai zisahihishwe endapo ameona kosa, na kwamba kwa kawaida hazitatolewa kwa mtu wa nje pasipo idhini yake.

Miongoni mwa wanaolipokea tangazo hilo wamo wazazi wasemao Kiswahili. Wako Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972, wakaishi miaka mingi katika makambi ya Tanzania, kisha kuanzia mwaka 2007 wakapokelewa kwa maelfu nchini Marekani. Wako Wakongo waliotoka makambi ya Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Wako pia Wakenya na Watanzania waliokwenda kwa masomo au kwa kazi na kubaki huko na jamaa zao. Kwa wengi wao, mambo ya shule ni ya mwalimu, na mzazi kazi yake ni kulipa, kununua sare na kuitika anapoitwa. Kwamba mzazi anaweza kwenda ofisini, akaketi, akasema, "Naomba kuona jalada la mwanangu," na mwalimu mkuu akalazimika kisheria kulileta, ni jambo geni.

Lakini si geni kwa hao peke yao. Wamarekani wenyewe hawakuwa na haki hiyo kwa sheria ya nchi nzima mpaka mwaka 1974. Na hata leo haki hiyo ina tundu kubwa katikati yake, nalo ni shule za watu binafsi.

Yafaa kwanza kueleza jalada la shule ni kitu gani. Watu wengi wakisikia kumbukumbu za shule hufikiri juu ya ripoti ya mwisho wa muhula tu: hesabu alama kadhaa, lugha alama kadhaa, tabia njema. Ripoti hiyo ni sehemu ndogo. Ndani ya jalada huwamo matokeo ya mitihani ya kupima akili, maelezo ya mshauri wa wanafunzi, taarifa za adhabu, siku za utoro, barua walizoandikiana walimu, na mapendekezo kwamba mtoto apelekwe darasa hili au lile. Mtoto akihama, jalada humfuata. Mwalimu mpya ambaye hajamwona mtoto hata siku moja hulifungua na kusoma kwamba mtoto huyu ni mzito wa kufahamu, au mgomvi, au anatoka katika nyumba yenye matatizo. Kabla mtoto hajafungua kinywa chake, tayari ameshahukumiwa. Maneno hayo yakiwa kweli, huweza kumsaidia apate mwalimu wa kumwinua. Yakiwa uongo, hukaa humo kama mwiba ndani ya nyama, yakimchoma mwaka hata mwaka, na yeye mwenyewe wala wazazi wake wasijue maumivu yanatoka wapi.

Kabla ya mwaka 1974, katika sehemu nyingi za Marekani ilikuwa kawaida kwamba mzazi asionyeshwe jalada hilo, huku watu wengine wakionyeshwa. Polisi aliweza kuliona, na mwajiri aliweza kuulizia habari zilizomo na kujibiwa, lakini mama aliyemzaa mtoto huambiwa kwamba hayo ni mambo ya siri ya kitaalamu ambayo yeye hawezi kuyaelewa. Mwaka 1961 baba mmoja wa wilaya ya Nassau, katika jimbo la New York, alikataa jawabu la namna hiyo akaenda mahakamani. Hakimu aliamua kwamba mzazi, kwa sababu ya uhusiano wake na mtoto na wajibu wake juu yake, anayo haki ya kukagua kumbukumbu za mtoto shuleni, maadamu hakuna sheria inayomkataza. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, ila nguvu yake iliishia New York, na kila mzazi wa jimbo jingine alibaki na shauri lake mwenyewe.

Ubaya wa majalada yasiyokaguliwa ulidhihirika zaidi mwaka 1970 katika jimbo la California. Huko walikuwapo watoto tisa wenye asili ya Meksiko, ambao nyumbani kwao walisema Kihispania. Shule iliwapa mtihani wa kupima akili kwa Kiingereza, lugha ambayo hawakuimudu sawasawa. Walipokosa majibu, iliandikwa katika kumbukumbu zao kwamba ni punguani, wakapelekwa katika madarasa ya watoto wenye akili pungufu. Shauri lilipofikishwa mahakamani na watoto kupimwa tena kwa lugha yao wenyewe, wengi wao walionekana hawana upungufu wowote. Kilichopungua kilikuwa ni Kiingereza. Shauri hilo lilimalizika kwa mapatano, na jimbo likakubali watoto wapimwe kwa lugha ya nyumbani kwao.

Msikilizaji mwenye jamaa ng'ambo hana haja ya kuelezwa uzito wa kisa hicho. Mtoto aliyezaliwa kambini, aliyeanza masomo kwa Kirundi, Kifaransa au Kiswahili, akatua ghafla katika darasa la Kiingereza, yuko katika hatari ile ile. Ukimya wake waweza kuandikwa kuwa ni ujinga. Kuinamisha kwake macho mbele ya mkubwa, ambako kwao ni adabu, kwaweza kuandikwa kuwa ni ukaidi au uficho. Nani atakayeyasahihisha maneno hayo kama mzazi haruhusiwi kuyasoma?

Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa fadhaa katika siasa za Marekani. Kashfa ya Watergate ilikuwa imewafunulia wananchi jinsi wakubwa walivyoweza kuweka siri na kutumia habari za watu vibaya. Tarehe 9 Agosti, Rais Richard Nixon alijiuzulu. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 21 Agosti, mrithi wake Gerald Ford alitia sahihi sheria kubwa ya elimu, na ndani yake kilikuwamo kifungu kilichochomekwa na Seneta James Buckley wa New York. Kifungu hicho ndicho kilichokuja kujulikana kuwa Sheria ya Haki za Elimu na Siri za Familia, ambayo Wamarekani huiita kwa kifupi FERPA. Kilipita bila ya kamati ya Seneti kukaa na kusikiliza maoni ya wadau, na kilianza kutumika tarehe 19 Novemba mwaka huo huo. Vyuo vikuu vilipiga kelele, hasa kwa sababu ya barua za siri ambazo maprofesa walikuwa wameandika wakiwasifu au kuwakosoa wanafunzi wao. Kwa hiyo mwishoni mwa Desemba sheria ilirekebishwa, na barua za siri zilizokuwamo majaladani kabla ya tarehe 1 Januari 1975 zikaachwa nje ya haki hiyo. Msingi wake, hata hivyo, haukubadilika.

Msingi wenyewe ni huu. Mzazi akiomba kuona kumbukumbu za mtoto wake, shule lazima imwonyeshe katika muda usiozidi siku 45. Shule yaweza kumtoza bei ya kunakili karatasi, ila haiwezi kumtoza kwa kazi ya kulitafuta jalada. Mzazi akiishi mbali kiasi kwamba hawezi kufika, lazima apelekewe nakala au afanyiwe mpango mwingine wa kuziona. Akiuliza maana ya jambo lililoandikwa, ana haki ya kuelezwa. Akiona kosa au maneno ya kupotosha, anaweza kudai yasahihishwe. Shule ikikataa, lazima impe nafasi ya kusikilizwa mbele ya mtu asiyehusika moja kwa moja na shauri hilo, na ikiwa bado shule itashikilia msimamo wake, mzazi anaruhusiwa kuandika maelezo yake mwenyewe, na maelezo hayo lazima yakae jaladani pamoja na yale anayoyapinga, na kuonyeshwa kila yatakapoonyeshwa.

Yapo mambo mawili katika sheria hiyo ambayo mgeni angefaa kuyajua kuliko mwenyeji. La kwanza, neno mzazi halina maana ya baba na mama waliomzaa mtoto tu. Ni pamoja na mlezi, na hata mtu anayesimama mahali pa mzazi wakati mzazi hayupo. Bibi aliyemlea mjukuu ambaye wazazi wake walipotea vitani, shangazi aliyevuka bahari na mtoto wa nduguye, hao nao wanaweza kuhesabiwa. La pili, sheria inaitaka shule iwe na njia ya kuwaarifu kwa namna itakayoeleweka wazazi ambao lugha yao ya nyumbani si Kiingereza. Kwa hiyo mama asiyejua Kiingereza, anapouliza yale yaliyomo katika karatasi zile za mwanzo wa mwaka, haombi hisani.

Vile vile, baba na mama walioachana wote wawili wana haki hiyo hiyo. Shule haiwezi kumwambia baba, "Mtoto anaishi kwa mama yake, kwa hiyo wewe huna lako hapa," isipokuwa iwepo amri ya mahakama, au sheria, au hati halali inayomwondolea haki hiyo.

Sheria ina mipaka yake pia. Maandishi ambayo mwalimu ameyaandika kwa ajili ya kujikumbusha mwenyewe, asiyomwonyesha mtu mwingine, si sehemu ya jalada. Mzazi hawezi kuitumia sheria hiyo kugombana juu ya alama aliyopewa mtoto kwa haki, ingawa anaweza kuitumia ikiwa alama hiyo iliandikwa kimakosa. Mtoto akitimiza miaka 18, au akiingia chuo, haki humhamia yeye mwenyewe. Na mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri lililohusu Chuo Kikuu cha Gonzaga, iliamua kwamba mtu binafsi hawezi kuishtaki shule mahakamani kwa kuvunja sheria hiyo. Anachoweza ni kupeleka malalamiko katika Wizara ya Elimu ya serikali kuu, katika muda wa siku 180 tangu kosa kutendeka au kujulikana. Adhabu kubwa ambayo wizara inaweza kuitoa ni kuinyima shule fedha za serikali.

Hapo kwenye fedha ndipo penye mzizi wa jambo. Sheria hii haikujengwa juu ya kanuni kwamba mzazi, kwa kuwa ni mzazi, ana haki popote pale mtoto asomapo. Imejengwa kama sharti la mkopo: serikali kuu inasema, ukichukua fedha za Wizara ya Elimu, utawaonyesha wazazi majalada. Asiyechukua hafungwi na sharti hilo. Shule za serikali huchukua, kwa hiyo zimefungwa. Lakini shule nyingi za watu binafsi, pamoja na zile za madhehebu ya dini, za msingi na za sekondari, hazichukui fedha hizo, na kwa hiyo zimo nje ya sheria. Hata mtoto mwenye ulemavu ambaye wilaya ya serikali imempeleka katika shule ya binafsi na kumlipia, jalada lililo mikononi mwa wilaya linalindwa na sheria, ila jalada lililobaki katika ofisi ya shule hiyo ya binafsi halilindwi nayo.

Ndivyo inavyotokea jambo la ajabu. Mzazi maskini ambaye mtoto wake anasoma bure katika shule ya serikali ana haki iliyoandikwa. Jirani yake, ambaye amejinyima na kulipa maelfu ya dola ili mtoto wake asome katika shule ya binafsi, anaweza kufika ofisini akaambiwa kwamba jalada ni mali ya shule. Anayelipa ndiye anayenyimwa. Kuna wazazi wanaoipeleka elimu ya watoto wao huko kwa imani ya dini yao, au kwa msaada wa parokia, au kwa kuogopa fujo za mitaani, na hawatambui kwamba pamoja na kubadili shule wamebadili pia mahali pa haki yao. Haki yao haiko tena katika sheria ya mwaka 1974. Iko katika mkataba waliotia sahihi siku ya kuandikisha mtoto.

Mkataba huo ndio unaostahili kusomwa. Shule nyingi nzuri za binafsi huandika ndani yake, kwa hiari, kwamba mzazi ataonyeshwa kumbukumbu. Nyingine hunyamaza. Na nyingine huandika kwamba endapo karo haikumalizwa, shule haitatoa matokeo wala haitayapeleka katika shule nyingine. Hapo jalada hugeuka kuwa rehani. Mtoto ambaye baba yake amepoteza kazi katikati ya mwaka hujikuta hana pa kukaa, kwa sababu shule ya kwanza haimtaki kwa deni, na shule ya pili haijui imweke darasa gani.

Yapo majimbo yaliyojaribu kuliziba tundu hilo. California ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Sheria ya elimu ya jimbo hilo inasema kwamba mzazi ana haki kamili ya kuona kumbukumbu zote za mtoto wake zilizowekwa na wilaya za shule au na shule za binafsi, na zionyeshwe katika siku tano za kazi. Huko pia kanuni zinakataza jalada lizuiwe lisiende katika shule mpya kwa sababu ya deni, iwe shule ni ya serikali au ya binafsi. Kwa hiyo hoja kwamba shule ya binafsi haiwezi kuendeshwa ikiwa mzazi ataona majalada haina nguvu. California ina shule za binafsi nyingi, nazo zinaendelea na kazi. Mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, mzazi hubaki na mkataba, na busara ya mwalimu mkuu, na mwisho wa yote hakimu.

Haitakuwa haki kuusikia upande mmoja tu. Wenye shule za binafsi nao wana hoja zao. Husema kwamba mwalimu akijua kila neno lake litasomwa na mzazi, ataandika maneno matamu yasiyo na faida, na ukweli utahamia katika minong'ono ya barazani. Husema kwamba shule yao ni jamii ya hiari, mzazi asiyeridhika anaweza kuondoka. Na husema, kwa ukweli mwingi, kwamba wako wazazi ambao hawastahili kuona. Mtoto anapomwambia mshauri wa shule kwamba anapigwa nyumbani, je, maneno hayo yapelekwe kwa yule anayempiga?

Hoja hiyo ya mwisho ni nzito, na sheria yoyote isiyoijali ni sheria ya hatari. Lakini jawabu lake si kufunga kabati kwa wazazi wote. Jawabu ni kumpa hakimu uwezo wa kumzuia mzazi mbaya, kama sheria ya mwaka 1974 ilivyofanya, na kuwahi kuwaita wanaohusika na ulinzi wa watoto. Kuhusu hoja ya kwanza, mwalimu anayeogopa kuandika jambo kwa sababu mzazi atalisoma, yafaa ajiulize kama jambo hilo analijua au analidhani. Analolijua anaweza kulitetea mbele ya mzazi. Analolidhani halikustahili kuandikwa katika karatasi itakayomfuata mtoto miaka kumi. Na hoja kwamba mzazi anaweza kuondoka haitoshi, maana akiondoka bila jalada ameondoka na nusu ya mtoto.

Marekani si nchi pekee yenye ufa wa namna hiyo. Katika Uingereza, kanuni za mwaka 2005 zinampa mzazi wa mtoto aliye katika shule inayoendeshwa na serikali za mitaa haki ya kuona kumbukumbu zake katika siku 15 za masomo. Mzazi wa mtoto aliye katika shule ya kujitegemea hana haki hiyo ya moja kwa moja. Huko lazima apitie sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ambayo kwa asili haki yake ni ya mtoto, na mzazi huidai kwa niaba yake tu.

Na Afrika Mashariki je? Hapa mambo yameelekea njia nyingine, na kwa jambo moja njia hiyo ni pana kuliko ile ya Marekani. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019. Rwanda ilifuata mwaka 2021. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hizi hazikuandikwa kwa ajili ya shule. Zinahusu kila anayekusanya habari za watu, iwe ni benki, hospitali, kampuni ya simu au shule. Kwa sababu hiyo haziulizi kwanza kama shule imepokea fedha za serikali. Shule ya binafsi imo, na shule ya umma imo.

Chukua mfano wa Kenya. Sheria yake inampa mtu ambaye habari zake zimewekwa haki ya kuziona na kudai zisahihishwe, na inasema wazi kwamba mwenye habari akiwa mtoto, haki hiyo itatumiwa na mzazi au mlezi wake. Kanuni zilizofuata mwaka 2021 zinataka ombi la kuona lijibiwe katika siku saba, bila malipo. Na kwamba sheria hiyo ina meno hata kwa shule ilionekana Septemba 2023, pale ofisi ya kamishna wa ulinzi wa taarifa ilipoitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Hata hivyo sheria kuwapo ni jambo moja, na mzazi kuijua na kuitumia ni jambo la pili. Katika nchi hizi mzazi bado huingia ofisi ya mwalimu mkuu kama aingiaye mahakamani akiwa mshtakiwa. Akiambiwa, "Mtoto wako atarudia darasa," huitika. Akiambiwa, "Matokeo hayatolewi mpaka deni liishe," huinamisha kichwa na kwenda kutafuta wa kumkopesha. Nchini Kenya serikali imelazimika zaidi ya mara moja kuwaagiza wakuu wa shule watoe vyeti walivyovizuia kwa ajili ya karo, na vijana waliokwisha kuwa watu wazima wakaonekana wakienda kuchukua vyeti vilivyokuwa vimekaa kabatini miaka mingi. Hakuna anayesema deni lisilipwe. Shule haiendeshwi kwa hewa, na mwalimu naye ana watoto. Lakini deni ni la mzazi, na zipo njia za kulidai kwa mwenyewe. Mtihani aliufanya mtoto, kwa kalamu yake na kwa jasho lake.

Kwa hiyo, iwe ni Kigoma au Kampala, iwe ni Nairobi au mji wa mbali Marekani, mzazi ana mambo machache ya kufanya ambayo hayahitaji wakili. Asome mkataba wa shule kabla hajatia sahihi, na aulize: je, nitaonyeshwa jalada la mwanangu, na kwa muda gani? Na deni likitokea, itakuwaje? Shule isiyotaka kujibu swali hilo siku ya kupokea fedha haitakuwa tayari kulijibu siku ya ugomvi. Akitaka kuona kumbukumbu, aombe kwa barua yenye tarehe, na abaki na nakala, maana ombi la mdomo hupotea na upepo. Akionyeshwa, asome mpaka mwisho, na asipofahamu neno aulize bila haya. Akiona kosa, aandike kwa adabu ni kosa gani na ukweli ni upi. Asiyejua kusoma aende na mtu anayemwamini. Na asifanye haya kwa kumwinda mwalimu. Walimu walio wengi huwatakia watoto mema, na jalada likisomwa na pande mbili, mara nyingi huonekana kwamba mwalimu na mzazi walikuwa wakisikitikia jambo lile lile, kila mmoja kwa upande wake.

Wenye shule nao wana la kujifunza. Shule inayoficha majalada hailindi heshima yake, bali huzaa shaka. Shule inayoyafungua kwa utaratibu huwalazimisha walimu wake waandike kwa haki, na huwafanya wazazi wawe washiriki katika kazi ya kulea.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya ng'ombe na bidhaa. Mtoto si mali ya shule, wala si mali ya mzazi, lakini daftari analo, nalo liko kabatini likiandikwa kila muhula na watu wengine. Siku moja, atakapotafuta kazi au chuo, au atakapotaka tu kujua kwa nini alikalishwa nyuma ya darasa miaka yote ile, atauliza ni nani aliyelisoma daftari hilo kwa ajili yake alipokuwa mdogo. Inafaa mzazi awe na jibu la kumpa.